Mwaka wa Bibi Japani

Mwaka huu, wiki chache baada ya mavuno, nilikwenda hospitali ya Dodoma kutafuta dawa ya macho. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nikimweleza muuguzi jinsi jicho la kushoto linavyonisumbua, ndipo mwanamke mmoja aliyekaa upande wa pili, amefungwa bendeji macho yote mawili, akageuza kichwa na kusema, "Sauti hiyo ni ya Damari." Hakuuliza. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka arobaini tangu tuonane, na siku ile hakuwa hata na macho ya kunitazama, lakini alinijua kabla mimi sijamjua. Alikuwa Zaina binti Salimu, wa Busi kule Kondoa. Tulishikana mikono, tukaulizana habari za watoto na wajukuu na waliotangulia mbele ya haki. Kisha mjukuu wake akaja kumchukua, naye akaniambia nisiache kufika kwake, maana siku hizi gari linafika mpaka pale. Niliitikia. Nikarudi kwangu Chamwino bila dawa. Kuna mwaka mmoja wa maisha yangu ambao sikuwahi kumsimulia mtu, hata marehemu mume wangu, na mwaka huo umejaa Zaina.

Ulikuwa mwaka wa mwisho wa Wajerumani kabla ya vita. Reli ilikuwa imefika Dodoma si zamani, na mji wenyewe ulikuwa boma, stesheni, safu ya maduka ya Wahindi yenye mabati, na nyumba zetu za tembe, zile ndefu za udongo zenye paa bapa, zilizotapakaa bila mpango mpaka porini. Mimi nilikuwa msichana wa misheni niliyejua kusoma na kuandika, jambo ambalo siku zile kwa mwanamke wa Kigogo lilikuwa kama kuwa na mkono wa tatu. Daktari wa misheni, Mwingereza, alikuwa na dada yake mjane aliyekuja kukaa naye. Mume wa huyo dada alikuwa mfanyabiashara, wakaishi miaka kumi na minane katika mji wa Osaka, nchi ya Japani, mpaka mume akafa. Daktari alikuwa mtu wa safari, leo yuko kijiji hiki kesho kile, kwa hiyo dada yake alipangiwa nyumba ya vyumba viwili karibu na stesheni, na mimi nikatumwa nikamfundishe Kiswahili. Jina lake halikukaa vizuri mdomoni mwa watu. Kwa kuwa kila neno lake la tatu lilikuwa Japani, mji mzima ulimwita Bibi Japani, naye alipolisikia jina hilo alicheka, akalikubali.

Alikuwa akiandika kitabu. Nilidhani kitakuwa cha wafalme na vita, lakini la, kilikuwa cha mambo ya kila siku ya mji ule: watu wanavyofagia, wanavyooga, wanavyosalimiana mvua inaponyesha. Njia yake ya kujifunza Kiswahili ilikuwa kunisimulia kwa Kiswahili chake kibovu yale aliyoyaandika, mimi nikamsahihisha na kuyanakili upya kwenye karatasi. Tulikaa chumba cha mbele, yeye kwenye kiti cha kamba na mimi kwenye kiti cha mbao, meza katikati yetu, upepo wa Dodoma ukipenyeza vumbi chini ya mlango hata karatasi zikawa na ukungu mwekundu. Ndivyo nilivyojua kwamba Osaka mtu akihamia mtaa mpya, yeye mgeni ndiye anayewapelekea majirani chakula, tambi za unga mweusi. Nilimwambia hapo amekosea Kiswahili, kwa sababu mgeni hupelekewa, hapeleki. Akasema hakukosea. Nikajua kwamba asubuhi kila mwanamke hufagia mbele ya mlango wake na kuvuka kidogo upande wa jirani, lakini kidogo tu, kwani ukifagia sana unamwambia jirani kuwa ni mvivu, na usipovuka kabisa unamwambia humjali. Nikajua kwamba muuza maharage yaliyogandishwa kama jibini hupita akipuliza tarumbeta ndogo, na kwamba watu huoga pamoja katika nyumba moja kubwa ya maji moto, ila hujiosha kwanza nje ya birika ili wasiyachafue maji ya wenzao.

Kwa miezi ya kwanza nilikuwa na furaha ya ajabu. Hakuna mtu mzima aliyewahi kunisimulia mambo mengi hivyo, akanisubiri nipate neno. Lakini chini ya furaha hiyo kulianza kitu kingine, na leo nikiangalia nyuma naona kilianza na mji wenyewe. Nilimwona Bibi akiwa katikati ya sentensi akanyamaza, akatazama ukuta, na uso wake ukawa wa mtu anayeitwa na mpenzi wake. Mbele ya macho yake nilikuwapo mimi, na Dodoma nzima ilikuwapo, na hakutuona. Nilianza kuuonea wivu mji wa Osaka. Nilitafuta makosa yake. Nilimwuliza kama hawana njaa kule, kama hawana wezi, kama watu wanaoinama sana namna ile hawasemani vibaya wakishageuka. Akajibu kwa upole kwamba wanasema vibaya sana, tena kwa adabu, na akaandika swali langu kwenye daftari kwa kuwa lilimfurahisha. Siku ile nilienda nyumbani kama mtu aliyepewa ng'ombe.

Kisha mpishi wa kwanza akaenda zake na Zaina akaja. Mjomba wake alikuwa Mrangi aliyeleta asali na tumbaku kutoka Kondoa kuwauzia Wahindi, na Zaina alikuwa amebaki kwake mjini. Alikuwa na umri wangu, hajui hata herufi moja. Siku ya kwanza alifika, akavua ndala za ngozi mlangoni kama alivyozoea kwao kwa ajili ya mkeka, akazigeuza vidole vikaelekea nje, akaingia pekupeku. Bibi alisimama. Alitazama zile ndala kwa muda mrefu hata Zaina akadhani amekosea, akataka kurudi kuziondoa. Kumbe Osaka hufanya vivyo hivyo, mtu huvua viatu na kuvigeuza ili wakati wa kutoka viwe tayari. Mimi nilikuwa nimeingia nyumba ile kwa miezi mitano na viatu vya misheni, navyo vilikuwa fahari yangu kuu.

Baada ya hapo mambo yaligeuka haraka. Viti viliondolewa chumba cha mbele, mkeka wa Zaina ukatandikwa, meza ikakatwa miguu na seremala wa Kihindi aliyedhani Bibi ameugua. Zaina alipika, na sasa tulikula watatu pamoja pale chini: ugali wa uwele, mlenda, maziwa ya mgando, na siku za Ijumaa wali. Mimi niliyesoma sikujua kukaa. Miguu ilikufa ganzi. Zaina alikaa kama maji yaliyomiminwa. Alikunja nguo za Bibi kwa namna iliyomfanya Bibi aniite nije nitazame. Nilitazama. Zilikuwa nguo zilizokunjwa.

Wakati wa kiangazi Bibi alianza desturi nyingine ya kule. Watu wa Osaka jioni za joto humwaga maji mbele ya milango yao ili vumbi litulie na upepo uwe baridi. Akachukua kata akawa anamwaga maji barazani na njiani. Hebu fikiria. Wanawake wa Dodoma walikuwa wakiamka kabla ya jua na kungoja zamu kwenye shimo la maji, wakichota matope, wakiyaacha yatulie. Wakaona Mzungu anaimwagia ardhi maji. Mmoja wao, mwanamke mtu mzima mwenye mtungi kichwani, alisimama njiani akatema mate pale palipolowa. Bibi aliuliza kwa nini, na mimi nilijua sababu, lakini nilinyamaza. Nilitaka akosee. Nilitaka aone kwamba Dodoma si Osaka, aache kutulinganisha. Zaina ndiye aliyemweleza, bila kumwaibisha, na kesho yake akapanga kwamba maji ya kufulia yatunzwe kwenye pipa na hayo ndiyo yamwagwe, na mtungi mmoja wa maji safi uwekwe barazani kila siku kwa anayepita na kiu. Wanawake wakaanza kusimama pale. Wakakaa. Baraza ya Bibi Japani ikawa mahali pa mazungumzo, na Zaina ndiye aliyekuwa katikati.

Hapo ndipo Bibi alipoanza daftari la pili. Alisema amekaa mwaka mzima akiandika mji ulio mbali huku mji mwingine ukipita mlangoni. Sasa alitaka kuandika maisha ya kila siku ya Dodoma. Niliposikia hivyo moyo wangu uliruka, kwani nani angemwelezea Ugogo kama si mimi? Lakini alimchukua Zaina. Walienda pamoja sokoni, kwenye maduka, stesheni wakati treni ya kutoka pwani inapoingia na watu wote wanakimbilia kuitazama. Walirudi wanacheka, vumbi mpaka magotini. Mimi nilibaki chumbani nikinakili habari za nyumba ya kuogea. Mchana mmoja nilikuwa nimeinama kwenye karatasi, dirisha liko wazi, nikawasikia wamekaa barazani wakichambua mchele. Zaina alimwuliza kwa nini hamchukui Damari, ambaye ni mwenyeji hasa na ana elimu. Alimwuliza kwa ajili yangu. Hilo nililielewa baadaye sana. Bibi alitafuta Kiswahili, kisha akajibu: "Damari anajua maneno. Wewe unajua vitu."

Sentensi hiyo haikuwa na kosa hata moja. Mimi ndiye niliyemfundisha. Nimeishi nayo maisha yangu yote, nikiwa nafundisha shule, nikiwa nalea watoto, na kila nilipopata heshima yoyote kwa ajili ya kusoma kwangu niliisikia. Leo nadhani Bibi hakukusudia kunidharau. Labda aliona kwamba nilikuwa msichana aliyejifungia ndani ya vitabu, na alikuwa sahihi. Lakini wakati ule nilihisi kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Sikulala vizuri, sikula nao tena, nilisema tumbo linaniuma, na Zaina akanipikia uji wa ulezi akautia asali ya kwao. Nikaumwaga alipogeuka.

Mwezi uliofuata habari za vita zikafika. Wajerumani na Waingereza walikuwa wanapigana Ulaya, na boma likabadilika kwa siku moja. Askari waliwekwa stesheni. Daktari aliitwa akaambiwa asitoke mjini. Mimi ndiye niliyepeleka barua ya Bibi boma kuomba kaka yake aruhusiwe kuja kukaa naye, na karani aliyeipokea, kijana wa pwani mwenye kofia nyeupe, aliniuliza kwa mzaha siku hizi Bibi Japani anafanya nini. Ningeweza kusema anasali. Ningeweza kusema anafua. Nilimwambia kwamba anaandika. Akauliza anaandika nini. Nikasema kila kitu: watu, maduka, treni zinazoingia, nani ameshuka, na kwamba madaftari yako chini ya sanduku la nguo, na anayempeleka stesheni ni Zaina yule Mrangi. Sikusema neno moja la uongo. Nilipotoka pale jua lilikuwa kali na miguu yangu ilikuwa myepesi sana. Nilijua nilichofanya. Mara nyingi nimejaribu kujidanganya kwamba nilikuwa mtoto na sikujua, lakini nilijua. Sikufikiri wangemdhuru Bibi, maana ni Mzungu. Nilifikiri tu watamkataza Zaina asitembee naye.

Zaina alikamatwa asubuhi ya siku ya tatu, sokoni, mkononi ana mboga. Saa sita mchana alikuja sajini Mjerumani na askari wanne nyumbani kwa Bibi. Hawakupekua. Sajini aliingia moja kwa moja chumba cha ndani, akasukuma sanduku la nguo, akatoa madaftari yote, lile la Dodoma na yale ya Osaka, habari za miaka kumi na minane. Bibi alimweleza kwa Kijerumani, kisha kwa Kiswahili, kwamba yale mengine ni habari za nchi nyingine kabisa, za watu wanaofagia na kuoga. Sajini akajibu kwamba boma litaamua. Walipoondoka Bibi alibaki amesimama kwenye mkeka na viatu vyao vilikuwa vimeuchafua mkeka wote. Alinigeukia.

"Walijua mahali," alisema. "Damari, ni Zaina aliyewaambia?"

Nilikuwa na nafasi yangu pale, pana kama mlango wa zizi. Nikasema, "Sijui, Bibi. Yeye ndiye aliyekuwa nao tangu asubuhi."

Alikaa chini taratibu. Hakulia. Aliniambia nikae karibu naye, nami nikakaa, na kwa mara ya kwanza tangu Zaina aje nyumba ile miguu yangu haikuniuma.

Siku kumi zilizofuata zilikuwa zangu. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo zilivyokuwa. Niliwapikia yeye na daktari, ugali wangu ukawa na mabonge, naye akaula bila neno. Alinishika mkono tulipokuwa tumekaa. Aliniambia kwamba hatakuwa na nguvu ya kukiandika upya kitabu kile, kwani madaftari yalichomwa. Karani alikuwa amemwambia daktari. Huku Zaina alikuwa boma akibeba mawe pamoja na wafungwa, na mjomba wake alikuwa anakaa nje ya lango kutwa. Nilipita pale mara mbili kwenda dukani. Mara ya pili mjomba wake alinisalimia, akaniuliza kama Bibi anaweza kuandika cheti cha kumwombea Zaina. Nikasema nitauliza. Sikuuliza.

Kisha ikaja amri kwamba Waingereza wote wapelekwe Tabora kufungwa mpaka vita viishe. Ilikuwa asubuhi, stesheni imejaa watu, upepo unavuma. Nilibeba mzigo wa Bibi mpaka kwenye behewa. Zaina alikuwa amefunguliwa siku ileile, alikuja mbio kutoka boma, nguo zimechanika, mikono imevimba, akapenya katikati ya watu mpaka mbele yetu, akasema tu, "Bibi." Alikuwa anatabasamu. Alidhani tumefurahi kumwona. Bibi alimtazama, na nilimwona akipigana na nafsi yake, kwa sababu alimpenda kuliko alivyonipenda mimi, hata wakati ule. Kisha akageuza uso. Akaniambia mimi, kwa sauti ya kutosha Zaina asikie, "Wewe peke yako ndiye uliyebaki." Akapanda.

Zaina alinitazama akingoja nimweleze. Treni ilikuwa bado haijaondoka. Ningeweza kugonga dirisha. Nilihesabu mabehewa, nikajitia kutafuta mtu, mpaka magurudumu yakaanza kuzunguka. Nilipogeuka Zaina hakuwapo tena. Nilisikia kwamba mjomba wake alimrudisha Busi jioni ileile kwa miguu. Bibi Japani hakurudi Dodoma. Baada ya vita daktari alipita mara moja, akasema dada yake yuko Uingereza na hapendi kuzungumza habari za huku.

Niliahirisha safari ya Busi mara tatu. Hatimaye nilikwenda, na Zaina alikuwa amefunguliwa bendeji, jicho moja limepona. Nyumba yake ni safi, ina ua, mbuzi, na wajukuu wengi waliokuja mmoja mmoja kuniamkia shikamoo. Alinipa chai na viazi. Nikamwomba tuwe wawili tu, nikamweleza yote: karani, sanduku la nguo, swali la Bibi, dirisha la treni. Nilisema moja kwa moja bila kuomba msamaha katikati, kwa kuwa niliogopa nikianza kuomba sitamaliza kusema. Alinisikiliza akiwa amekunja miguu chini vilevile. Mwishowe aliuliza kama Bibi alipata kujua.

"Hakujua," nikasema. "Alikwenda akiamini ni wewe."

"Basi ulimpata peke yako," akasema Zaina. "Siku kumi."

Hakuna aliyewahi kuniambia neno zito kuliko hilo, na alilisema bila hasira, kama mtu anayepima unga. Nilimwuliza kama ataweza kunisamehe. Akasema msamaha ni jambo la baadaye, la kwanza ni hawa. Akawaita wajukuu wote na binti zake wawili, wakaja wakakaa uani. Aliwaambia kwamba maisha yao yote wamesikia bibi yao alimuuza Mzungu wake kwa Wajerumani, na watu wa Busi, uvumi ulipowafikia kutoka Dodoma, walimwimba hivyo hata siku ya harusi yake, na leo amekuja anayejua. Akaniambia, "Waeleze, mwalimu. Wewe ndiye mwenye maneno."

Nikaeleza tena, mbele ya watoto. Binti yake mkubwa aliinuka katikati akaingia ndani na hakutoka mpaka nilipoondoka. Wengine walibaki. Nilipomaliza, msichana mmoja mdogo aliuliza huo mji wa Japani ulikuwaje, nami nikaanza kumwambia, maana nilikuwa nimenakili kurasa zake zote kwa mkono wangu. Zaina akanikatiza. Aliwasimulia habari za vipofu wa Osaka wanaopita jioni wakipuliza filimbi, ili mwenye kuumwa mgongo afungue mlango na kuwaita wamkande. Na jinsi Bibi, mwaka aliofiwa na mumewe, alivyowaita kila siku bila kuumwa popote, kwa sababu alitaka kuguswa na mkono wa mtu.

Sikuwa nimewahi kuisikia habari hiyo. Haikuwa kwenye daftari lolote. Bibi alikuwa amempa Zaina peke yake, labda siku moja wakichambua mchele, labda njiani kutoka stesheni. Niliwatazama watoto wanavyomwangalia bibi yao, nikamwuliza Zaina, mimi mzee wa kanisa mwenye wajukuu tisa, kama alikuwa na uhakika kwamba Bibi alisema hivyo.